Ajali kiwandani ina kinga: Yampasayo kuyajua mfanyakazi wa Sigino kabla ya kugusa mashine

WASWAHILI husema ajali haina kinga. Ni kauli ya busara inaposemwa msibani, kwa kuwa huwafariji wafiwa na kuwazuia kutafuta wa kulaumiwa. Lakini kauli hiyo hiyo inaposemwa langoni mwa kiwanda, baada ya mkono wa kibarua kunaswa na mkanda wa mashine usiokuwa na kizuizi, hugeuka kuwa kisingizio. Ajali nyingi za viwandani huwa na chanzo kinachojulikana, na chanzo kinachojulikana kinaweza kuzibwa kabla ya mtu kuumia.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa mafunzo ya usalama mahali pa kazi. Katika miji ya Tanzania inayokua kwa kasi, mafunzo hayo yamekuwa suala la uhai na mkate wa familia nyingi ambazo kizazi kimoja tu kilichopita hazikumjua bosi wala zamu ya usiku.

Sigino ni mfano mzuri. Ni moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Babati imekaa mahali ambapo barabara ya Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile ya Singida, na imezungukwa na ardhi inayotoa mahindi, alizeti na mbaazi, na kwa upande wa Magugu, mpunga na miwa. Mazao hayo ndiyo yanayovuta mashine: vinu vya kusaga na kukoboa, mitambo ya kukamua mafuta ya alizeti, maghala ya nafaka, karakana za mbao na vyuma, pamoja na viwanda vya vinywaji.

Kutoka jembe hadi shafti

Mkulima wa Sigino anayeajiriwa kiwandani huenda na nguvu zake, uvumilivu wake na mazoea yake. Mazoea hayo ndiyo yanayoweza kumponza. Jembe humuumiza mtu kwa kadiri ya nguvu aliyotumia yeye mwenyewe, nalo husimama pale anapochoka. Mashine ina nguvu zake, na haichoki.

Hesabu ndogo yatosha kulieleza jambo hili. Shafti inayozunguka mara 600 kwa dakika moja huzunguka mara 10 kwa kila sekunde. Mtu huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde ili astuke na kuanza kuvuta mkono. Katika muda huo shati lililonaswa limekwisha kuzungushwa mara mbili. Hapo wepesi wa kijana hauna msaada, na hata uzoefu wa mzee haufui dafu. Kinachomwokoa mtu ni kizuizi cha chuma kilichowekwa kati yake na shafti, pamoja na ujuzi wa kwamba kizuizi hicho hakiondolewi mashine ikiwa inazunguka.

Ujuzi wa namna hiyo hauji wenyewe. Kijana anayeanza kazi Jumatatu hawezi kuujua kwa kutazama tu, kwa sababu mara nyingi wale anaowatazama nao hawakufundishwa. Amwonapo fundi mzoefu akichomoa mashudu yaliyokwama kwa mkono mashine ikiendelea kunguruma, atajifunza kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Uzembe nao hurithishwa kama ujuzi.

Yaliyotokea Mirerani na Mtibwa

Wakazi wa Manyara hawahitaji mifano ya mbali. Mirerani, katika Wilaya ya Simanjiro ya mkoa huo huo, ndipo panapochimbwa madini ya tanzanite. Juni 2002 wachimbaji takriban 40 walifariki dunia humo kwa kukosa hewa safi wakiwa chini ya ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa zilijaza maji katika mashimo na kuua makumi ya wachimbaji. Mvua ni kazi ya Mungu, lakini swali la nani anatoa amri ya kuwapandisha watu juu mawingu yanapotanda ni kazi ya binadamu, na jibu lake hupangwa kabla ya mvua kunyesha.

Tukio la karibuni zaidi, na la kiwandani hasa, ni lile la Mtibwa, wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Mei 23, 2024 bomba la mvuke katika kiwanda cha sukari lilipasuka na kuua watu 11, wakiwamo wataalamu kutoka nje ya nchi. Msiba huo ulikumbusha jambo ambalo mara nyingi husahaulika: mvuke hauchagui kati ya kibarua na mhandisi. Maji yakigeuka kuwa mvuke katika hali ya kawaida hujaza nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko yalivyokuwa. Nguvu hiyo ndiyo inayoendesha kiwanda, na ndiyo inayobomoa ukuta pale inapopata upenyo.

Kwa hiyo mafunzo ya usalama hayawahusu vibarua peke yao. Yanamhusu msimamizi wa zamu, fundi wa mitambo, mtunza ghala, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo, na vilevile mwenye kiwanda anayeamua fedha zitumike kwa matengenezo au kwa jambo jingine.

Sheria inavyosema

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya Sheria ya Viwanda iliyotungwa mwaka 1950, enzi za utawala wa Waingereza, ambayo macho yake yalikuwa zaidi kwa viwanda. Sheria ya sasa imepanua wigo na kuyagusa maeneo mengine ya kazi, yakiwamo mashamba, majengo yanayojengwa na ofisi. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kwa jina la OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001.

Nchi jirani nazo zilifuata mkondo huo katika miaka iyo hiyo. Zanzibar ilitunga sheria yake, Namba 8, mwaka 2005, Uganda mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007.

Kwa mfanyakazi na mwajiri wa Babati, mambo makuu ya sheria ya mwaka 2003 ni haya. Kwanza, eneo la kazi lazima lisajiliwe ili lijulikane na kukaguliwa. Pili, mwajiri anawajibika kutambua hatari zilizopo katika kazi yake na kuchukua hatua za kuziondoa au kuzipunguza. Tatu, anatakiwa kuwapa wafanyakazi taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaowawezesha kufanya kazi kwa usalama. Nne, mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anapaswa kuteua kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya.

Tano, wafanyakazi hupimwa afya zao wanapoanza kazi, wakiwa kazini, na wanapoondoka. Wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu, lakini lina maana kubwa. Masikio yanayoharibiwa na kelele hayatoi damu wala hayaumi. Mtu hupoteza usikivu kidogo kidogo kwa miaka, hadi siku anapotambua kuwa hasikii sauti ya mjukuu wake. Asipokuwa na cheti cha vipimo vya mwanzo, hana namna nyepesi ya kuonyesha kuwa alipoingia kiwandani alikuwa anasikia.

Mkaguzi wa OSHA ana mamlaka ya kuingia eneo la kazi, kuagiza marekebisho yafanywe katika muda maalumu, na pale hatari inapokuwa kubwa, kupiga marufuku kazi au mashine hadi kasoro iondolewe. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: kujihadhari, kutumia vifaa alivyopewa, kutochezea vizuizi vya usalama, na kutoa taarifa ya hatari anayoiona.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaongezea mambo mawili yanayogusa usalama moja kwa moja. Inakataza mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani katika mazingira ya hatari, na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani saa tisa kwa siku. Uchovu ni hatari kama ilivyo shafti iliyo wazi.

Mafunzo yafundishe nini

Mafunzo yasiyogusa kazi halisi ni hotuba tu. Mfanyakazi wa ghala la mahindi hana haja ya kusikiliza kwa saa mbili habari za jukwaa la ujenzi, wala fundi wa ujenzi hana haja na habari za dawa ya nafaka. Somo huanzia kwenye hatari iliyo mbele ya macho ya mwanafunzi. Kwa aina ya viwanda vinavyopatikana Babati na vitongoji vyake, mambo yafuatayo hayakwepeki.

La kwanza ni kuzima na kufunga mashine kabla ya kuisafisha, kuifungua au kuitengeneza. Kubonyeza kitufe cha kuzimia hakutoshi, kwa kuwa mwenzake aliye upande wa pili anaweza kuiwasha bila kujua kuna mtu ndani. Utaratibu sahihi ni kukata umeme kwenye swichi kuu, kuifunga swichi hiyo kwa kufuli, kutundika kibandiko chenye jina la anayefanya kazi, na kujaribu kuwasha ili kuhakikisha kuwa mashine imekufa kweli. Ufunguo hukaa mfukoni mwa yule ambaye mwili wake uko hatarini, si ofisini kwa msimamizi.

La pili ni hewa. Matangi, visima, mashimo ya taka na maghala yaliyofungwa yanaweza kuwa na hewa isiyofaa kwa binadamu. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na ikishuka chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa haitoshi. Jicho halioni upungufu huo, na pua hainusi. Ndiyo maana mtu haingii humo kabla ya hewa kupimwa, bila kamba ya kumvutia, na bila mlinzi wa nje.

Hapa kuna somo gumu zaidi kuliko yote, kwa sababu linapingana na utu. Mtu akianguka ndani ya tangi, mwenzake hukimbilia kumwokoa, naye huanguka. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo ya namna hiyo walikuwa ni watu waliojaribu kuwaokoa wenzao. Mafunzo humfundisha mfanyakazi kuwa kupiga kelele, kuvuta kamba na kuita msaada wenye vifaa ndiko kumpenda mwenzake.

La tatu ni dawa za kuhifadhia nafaka. Vidonge vinavyotumika kufukizia mahindi na mbaazi dhidi ya wadudu hukutana na unyevu wa hewa na kutoa gesi ya fosfini, ambayo ni sumu kali. Wengine huijua kwa harufu inayofanana na ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu si kipimo cha kutegemewa, kwa kuwa gesi inaweza kudhuru hata pale pua isipohisi kitu. Ghala lililofukizwa hufungwa, huwekwa alama ya hatari, na hufunguliwa na kupitishwa hewa kabla ya mtu yeyote kuingia. Kulala ghalani usiku ili kulinda mali, tabia inayoonekana ya uaminifu, kunaweza kuwa kifo.

La nne ni moto. Katika viwanda vya vinywaji vikali hatari kuu ni spiriti. Spiriti isiyochanganywa na maji hutoa mvuke unaoweza kushika moto katika joto la nyuzi 13 za Selsiasi tu, na mchana wa Babati huzidi hapo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuingia mitaroni, na unaweza kukutana na cheche mbali na pale ulipomwagika. Zaidi ya hayo, mwali wa spiriti ni wa buluu hafifu usioonekana vizuri mchana, hivyo mtu anaweza kuukanyaga kabla ya kuuona. Katika eneo kama hilo sigara, simu inayochajiwa na mashine ya kuchomelea vyuma havina nafasi.

Mfanyakazi ajue pia kutumia mtungi wa kuzimia moto kwa mkono wake, si kwa kuutazama ukutani. Ajue kwamba maji hayafai kwa moto wa umeme wala wa mafuta, ajue mlango wa dharura ulipo, na ajue namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.

La tano ni vumbi na kelele. Vumbi la unga na la mbao huingia mapafuni, na likijaa hewani kwa wingi linaweza pia kulipuka likipata cheche. Kuhusu kelele, kuna kipimo kisichohitaji chombo: watu wawili waliosimama umbali wa mita moja wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, basi kelele imefikia kiwango kinachohitaji hatua, ambacho wataalamu hukiweka kwenye desibeli 85.

La sita ni huduma ya kwanza. Hospitali ikiwa mbali, dakika za mwanzo huwa mikononi mwa mfanyakazi mwenzake. Kubana jeraha linalovuja damu, kumwagia maji safi jicho lililoingiwa na kemikali, kupoza sehemu iliyoungua kwa maji na si kwa dawa ya meno, na kukata umeme kabla ya kumgusa aliyenaswa: haya hujifunzwa kwa mazoezi ya siku moja na hukumbukwa maisha yote.

Vifaa vya kujikinga si mwanzo wa kinga

Waajiri wengi, wakisikia neno usalama, hufikiri mara moja habari ya helmeti, glavu, buti na ovaroli. Vifaa hivyo ni vya lazima, lakini katika mpangilio wa kitaalamu huja mwisho. Hatua ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, hubadilishwa kwa njia yenye madhara madogo. Ikishindikana, hatari hufungiwa kwa kizuizi au kuvutwa nje kwa feni ya kutoa vumbi. Hufuata taratibu za kazi na mafunzo. Vifaa vya mwilini ni ngome ya mwisho, pale nyingine zote zinapokuwa hazikutosha.

Mpangilio huo una maana kwa mafunzo. Mfanyakazi aliyefundishwa vyema hujua kuwa barakoa haifidii feni iliyokufa, na kwamba glavu karibu na shafti inayozunguka inaweza kumnasa badala ya kumlinda.

Namna ya kufundisha

Mafunzo yenye manufaa hutangulia mashine. Mfanyakazi mpya hupewa maelekezo kabla ya kushika kazi, huonyeshwa na mzoefu, hufanya mwenyewe akitazamwa, na huachwa peke yake pale tu anapothibitisha kuwa ameelewa. Hurudiwa mashine mpya inapoletwa, kemikali mpya inapoingizwa, kazi inapobadilika, au baada ya ajali, hata ile iliyokosa kumjeruhi mtu kwa bahati tu. Tukio la namna hiyo ni mwalimu asiyedai ada. Anayelificha hulipa baadaye.

Lugha nayo ina uzito wake. Babati ni mji wa makabila mengi, Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe na Warangi wakiwa miongoni mwao, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kazini. Hata hivyo maandishi ya onyo kwenye mashine nyingi huja kwa Kiingereza au Kichina. Onyo lisilosomeka ni sawa na onyo lisilokuwapo. Kutafsiri maelekezo kwa Kiswahili rahisi, kuyabandika penye mashine na kuyaeleza kwa mdomo kwa wasiojua kusoma ni kazi ya gharama ndogo.

Aidha, kuna kundi linalosahaulika mara nyingi, nalo ni vibarua wa kutwa. Msimu wa alizeti ukifika, watu huchukuliwa langoni asubuhi na kulipwa jioni. Kwa kuwa hawatarajiwi kukaa, huonekana hawastahili kufundishwa. Lakini hao ndio wageni zaidi wa mashine. Dakika 15 za maelekezo kila asubuhi, zenye kutaja hatari za siku hiyo, hazisimamishi uzalishaji kwa kiasi ambacho ajali moja huusimamisha.

Kwa mafunzo ya kina zaidi, OSHA hutoa kozi za wawakilishi wa usalama na afya, huduma ya kwanza mahali pa kazi, kazi za kwenye urefu na nyinginezo. Chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO, kina nafasi ya kuyaingiza mafunzo katika mikataba ya hali bora. Vyuo vya VETA navyo huweza kumjenga fundi mwenye tabia ya usalama kabla hajaingia kiwandani, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufundisha matumizi ya mitungi na uokoaji.

Gharama ya kutofundisha

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitumia sheria ya fidia ya tangu enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha malipo hakikuzidi shilingi 108,000. Fedha hizo zilikuwa zimepoteza thamani kiasi kwamba mkono au mguu wa mtu ulionekana kuwa rahisi kuliko kizuizi cha mashine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilibadili hali hiyo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ukaanza kazi Julai 2015.

Mfuko huo huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili hiyo. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na asilimia 0.5 mwaka 2022. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mfanyakazi anayeumia anapaswa kutoa taarifa mapema kwa mwajiri wake, na familia ihifadhi nyaraka za ajira na za matibabu.

Hata hivyo fidia huja baada ya madhara. Hakuna fao linaloweza kurudisha kidole, na hakuna pensheni inayokaa mahali pa mzazi.

Duniani kote hali si nyepesi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2023 kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi, na kwamba takriban milioni 2.6 kati yao huuawa na magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali. Takwimu hizo zinaeleza kwa nini vumbi, kelele na kemikali haviwezi kuachwa nyuma kwa sababu tu haviumizi siku hiyo hiyo. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi za wafanyakazi.

Neno la mfanyakazi

Mafunzo yote huishia kwenye swali moja: mfanyakazi akiiona hatari, ana nafasi ya kusema, na akisema, kazi husimama? Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo. Wafanyakazi waliziona na wakatoka nje. Kesho yake waliamriwa kurudi kazini, jengo likaporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Watu hao hawakukosa ujuzi wa kuitambua hatari. Walikosa nguvu ya kuikataa.

Mkataba wa ILO Namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuwa ipo hatari kubwa ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya adhabu. Kanuni hiyo ndiyo roho ya mafunzo ya usalama. Mwajiri anayewafundisha watu wake kuitambua hatari, kisha akamfukuza wa kwanza kuitaja, amewafundisha kunyamaza.

Kwa kiwanda kidogo cha Sigino au cha kata yoyote ya Babati, kuanza hakuhitaji bajeti kubwa. Kizuizi kirudishwe kwenye mkanda wa mashine. Kufuli moja linunuliwe kwa ajili ya swichi kuu. Mwakilishi wa usalama ateuliwe kwa maandishi na jina lake libandikwe ukutani. Daftari la matukio lifunguliwe, yaandikwe hata yale madogo. Mlango wa dharura usiwekewe magunia. Kila asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, msimamizi aulize kama kuna aliyeona kitu kisicho sawa jana, kisha asikilize jibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiwandani, mwenye kuziba ufa ni yule aliyefundishwa kuuona na kuruhusiwa kuutaja.